Mwaka Waliochagua Mashine ya Kahawa

Nchi hii ninayoisimulia si yetu. Nalisema mapema asije mtu akanigongea mlango. Iko mbali sana: unakwenda, unakwenda, unapinda, halafu unaambiwa barabara imefungwa kwa ajili ya msafara. Mimi niliingia huko kwa matembezi tu, nikakaa miaka sitini na minane.

Sasa kitendawili, wajukuu zangu. Itikieni tega, hata kimoyomoyo. Ana mdomo mmoja, hajawahi kusema neno, lakini kila alasiri watu ishirini wanatoka makwao kumfuata. Nani huyo?

Mmeshindwa. Ni dele la kahawa, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu, linalokaa juu ya makaa. Mtaani kwetu, yaani kwao, dele lilikuwa la Machano, mume wa Kidawa. Nyumba yao na yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta huo ulikuwa na ufa, kwa hiyo mambo yao niliyajua bila kupeleleza. Machano aliweka benchi nje, akagonganisha vikombe, kacha kacha, na wanaume wakaja kukaa. Walizungumza nani kaoa, nani kafa, sukari imepanda tena, shingo ya Mtukufu imenenepa tena.

Na kila kikombe Machano alikitia kitendawili. Mnajua desturi: ukishindwa kujibu, anayetega anakwambia nipe mji, nawe unampa mji wowote unaoutaka, ndipo akupe jibu. Watu wa benchi lile walikuwa wazito wa kufikiri, Mungu awasamehe, na Machano kwa miaka kumi alikuwa amepewa miji yote ya nchi ile isipokuwa mmoja, makao makuu, ambao hakuna aliyethubutu kuugawa.

*

Mtukufu, ambaye ndiye aliyekuwa anatawala na baba yake ndiye aliyekuwa ametawala, alisafiri kwenda ng'ambo kutibiwa kidole cha mguu. Wakati kidole kinaangaliwa, akaletewa kahawa kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa ya marashi. Mashine ya chuma ilifoka mvuke, ikatema matone meusi yenye povu rangi ya asali, ikanyamaza. Mtukufu akapiga mafunda mawili, kikombe kikaisha.

"Inaitwaje?"

"Espreso, Mtukufu," akajibu daktari.

"Na wenzako unaokunywa nao wako wapi?"

"Sina. Kila mtu ana mashine yake nyumbani. Anakunywa amesimama, anakwenda kazini."

"Hawakai?"

"Hawakai."

"Hawaongei?"

"Waongee na nani, Mtukufu?"

Wanasema Mtukufu alilia machozi. Kidole kilikatwa siku ile ile, naye kwa furaha hakusikia kitu.

Aliporudi alizungumza redioni saa mbili na nusu. Nakumbuka kipande kimoja tu, kwa sababu kilirudiwa mwaka mzima: "Wananchi wapenzi, mmechoka kuchagua watu. Watu wanaahidi, watu wanazeeka, watu wanaiba. Mwaka huu, kwa kuwahurumia, uchaguzi mkuu utakuwa wa mashine ya espreso ya nyumbani. Kila kaya itachagua kwa uhuru kamili, na kaya itakayokataa uhuru huo itaona."

Mtaani hakuna aliyejua espreso ni kitu gani. Wengine walidhani ni ugonjwa mpya, wakaanza kununua ndimu.

*

Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza Mashine ya Mkono, unavuta wenzo wake chini kwa nguvu ya bega. Wa pili Mashine ya Kitufe: unashindilia unga wa kahawa kwenye chujio, unabonyeza, unangoja. Alama yake ilikuwa kidole, kwa kumbukumbu ya kile kilichokatwa. Wa tatu Mashine ya Yenyewe, inayosaga, inayoshindilia, inayomimina na kujiosha, na mwenye nyumba kazi yake ni kusimama kando tu. Wote watatu walitengenezwa katika kiwanda kimoja, cha shemeji yake Mtukufu, lakini hilo lilisemwa kuwa ni ishara ya umoja wa kitaifa.

Kampeni zilipamba moto. Tulipewa khanga zenye picha ya mashine. Waziri wa Vinywaji akapanda jukwaani, akapaza sauti, "Presha bari tisa kwa kila raia!" na watu wakashangilia, ingawa mimi presha yangu ya zamani ilikuwa inanitosha. Ukafanyika na mdahalo. Wagombea waliwekwa mezani mbele ya taifa, wakakaa saa mbili bila kusema neno, na magazeti yakaandika kwamba haujapata kutokea mdahalo wenye busara kiasi kile.

Kisha yakakusanywa madele. Malori yalipita nyumba kwa nyumba. Shaba ikayeyushwa, ikatengenezwa nishani, wakavishwa waliokwenda kukusanya madele. Machano alitoa lake bila ubishi. Alilifuta majivu kwanza, akalipakia mwenyewe.

Kesho yake alasiri, wanaume wakaja kukaa vilevile. Hakuna makaa, hakuna vikombe, wamekaa tu wanaangaliana. Machano akatoka naye akakaa. Mara wakaja wageni wawili wenye suti zinazofanana na viatu vinavyofanana, wakakaribishwa benchini kama mtu yeyote.

"Kitendawili," akasema Machano.

"Tega!"

"Popote aingiapo watu wanampigia makofi, naye anawanyonya damu."

Wee! Kila mmoja alitazama viatu vyake. Wageni wakatazamana.

"Hatumjui," akasema mmoja. "Wewe unamjua?"

"Namjua. Nipeni mji."

"Tunakupa makao makuu," akasema yule wa pili, taratibu, kama mtu anayeandika.

"Ahsanteni. Ni mbu."

Mtu mmoja tu alicheka, naye akaziba mdomo upesi. Asubuhi wakaja kumchukua Machano. Hati ilisomwa mlangoni, mimi nikiwa kwenye ufa wangu: anashitakiwa kwa kumiliki miji kumi na miwili, pamoja na makao makuu, bila kibali.

*

Kidawa hakulia. Alifunga khanga kiunoni akaenda Ofisi ya Chaguo Huru, kwa sababu redio ilikuwa imetangaza Msamaha wa Mvuke: mfungwa yeyote ambaye kaya yake imechagua mashine ataachiwa. Mimi nilimsindikiza. Pale alikaa Bwana Ngwali, afisa mwembamba, mpole, mwenye leso safi mfukoni na mihuri mitatu mezani. Mmoja uliandikwa NDIYO, mwingine NDIYO KABISA, na wa tatu ulikuwa mbovu.

"Karibu, mama. Umekuja kuchagua?"

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Utamchukua. Chagua kwanza."

Na Kidawa alikuwa amelifikiria jambo lile kwa dhati, wanangu, kuliko waziri. Usiku na mchana alikuwa ananiuliza kupitia ufa: bibi, ipi itamfaa Machano? Ya Mkono hapana, bega lake la kulia liliteguka siku za upagazi bandarini. Ya Yenyewe ina kinu tumboni, ikikwama utamwita fundi gani? Na Machano hapendi kusimama kando kitu kinapofanyika.

"Ya Kitufe," akasema Kidawa.

"Chaguo zuri. Saini ya mkuu wa kaya hapa."

"Mkuu wa kaya yuko kwenu. Yuko gerezani."

"Basi asaini huko."

"Nimekwenda. Wamesema mfungwa haruhusiwi kushika kalamu, ina ncha."

Bwana Ngwali akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Sheria hiyo ni nzuri sana. Ilinusuru macho ya askari wawili."

"Nisaini mimi, bwana."

"Mke wa mfungwa hana saini, mama. Mfungwa ndiye mkuu wa kaya, ila hayupo. Akitoka, atasaini. Ukiwa na saini, atatoka."

Kidawa akasimama pale, mikono juu ya meza. "Sasa mimi nifanye nini, baba?"

Bwana Ngwali akafunga mlango. Akashusha sauti kama mtu anayetoa dawa ya siri. "Mke hana saini. Mjane anayo."

"Mjane wa nani?"

"Kuna kifo cha ofisini. Cha karatasi tu. Unaandikisha kwamba mkuu wa kaya ametangulia, unakuwa mkuu wewe, unasaini, mashine inakuja, mume anatoka, tunafuta. Wengi wamepita njia hii. Mama mkwe wangu mwenyewe amekufa mara mbili na anaendelea vizuri."

Kidawa akanigeukia. "Bibi, mtu mzima namwandika amekufa? Nikilitamka hilo na yeye yu hai?"

Nimeeleza mengi kwa mzaha, lakini hili nalieleza lilivyokuwa. Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Saini, mwanangu. Karatasi haiui mtu."

Akasaini. Bwana Ngwali akapiga muhuri, NDIYO KABISA, akaupuliza wino kwa upole kama mtu anayepuliza jicho la mtoto.

*

Siku ya kura kila kaya ilitumbukiza kidole katika kahawa nzito isiyotoka wiki tatu. Kidawa akaingia chumbani, akatia alama kwenye Kitufe. Karani aliyekuwa chumbani humo kulinda siri ya kura akamwambia, "Huyo kajiuzulu asubuhi, mama. Na wa Mkono pia. Wamemwachia Yenyewe."

"Basi kwa nini wapo kwenye karatasi?"

"Ili uwe na cha kuchagua."

Yenyewe alishinda kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne zilitoka kwa wananchi wa baadaye.

Mashine zilikuja baada ya miezi miwili. Ya Kidawa ilikuwa nyeusi, nzito, inang'aa kama gari la msiba, na iliweka kivuli kwenye meza yote. Hakuigusa. Alichukua stakabadhi yake, akavaa khanga mpya, akanipitia, tukaenda gerezani. Njiani alikuwa anacheka peke yake kama mwari.

Mlinzi wa lango akashusha kidole kwenye orodha ndefu, akakipandisha, akakishusha tena.

"Machano? Huyu ni marehemu."

"Ni wa karatasi tu," akasema Kidawa. "Muulize Bwana Ngwali."

"Mama, hapa kila mtu ni wa karatasi." Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasoma, akapauka. Hakupauka kwa ajili ya Machano. Miezi miwili gereza lake lilikuwa linamlisha maiti uji na maharage, na mkaguzi alikuwa anakuja Jumanne. Siwezi kumwachia, alisema, kwa sababu orodha ya wanaoachiwa ni ya walio hai. Siwezi kumweka, kwa sababu hiyo pia.

Wakampeleka mochwari.

*

Tuliruhusiwa kumwona baada ya wiki. Tulimkuta amekaa kwenye benchi la saruji karibu na mlango, shati lile lile alilochukuliwa nalo, na kibati chenye namba kimefungwa kwenye dole gumba la mguu. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu.

"Hujambo, mke wangu?"

"Sijambo. Na wewe?"

"Mimi marehemu, lakini sijambo. Humu kuna ubaridi tu. Na majirani si wazungumzaji."

Kidawa akapiga magoti, akaanza kukifungua kile kibati. Mtunza maiti, mzee mmoja mwenye kofia iliyochakaa, akamzuia mkono. "Usikifungue, binti. Hicho ndicho kinachomweka hai. Mtu asiye na namba humu hana mwenyewe." Akatutazama wote watatu, akakohoa. "Mimi siwezi kumtoa mtu. Kazi yangu ni kutoa maiti kwa jamaa zake. Leteni kibali cha mazishi na jeneza, mchukueni. Nikabidhiwe namba ya kaburi ndani ya siku tatu, basi."

Kibali kilipatikana asubuhi moja tu. Nchi ile ilikuwa na ofisi nyingi zinazochelewa, lakini ya mazishi haikuwa mojawapo.

Machano akalala ndani ya jeneza, akafunikwa. Watu wa benchi lake wakaja kulibeba mpaka nyumbani. Mnajua tena desturi: jeneza likipita, anayekutana nalo hutia bega, hata kwa hatua saba, kisha huachia mwingine. Sokoni tukakutana na Bwana Ngwali. Akavua kofia, akatia bega lake jembamba, akatembea nasi kwa heshima zote. Mara kutoka juu, ndani ya kitambaa, chafya! Moja, nzima, ya mtu aliyelala wiki nzima kwenye saruji.

Tukaendelea kutembea.

"Wengine huondoka na mafua yao," akasema Bwana Ngwali. Akaachia bega, akajifuta mkono kwa leso yake safi, akaenda zake.

*

Tukabaki na siku tatu na kaburi namba mia nne na kumi na saba, limechimbwa, linangoja. Msimamizi wa makaburi alikuwa na daftari, na alisimama ukingoni kila mazishi kuhakikisha kitu kinachoshushwa kina urefu na uzito.

Wanaume wakakaa uani kwa Kidawa wakinong'ona. Mmoja akataja mgomba. Mwingine akataja gunia la mchanga. Mgomba hauna uzito, mchanga hauna umbo. Kidawa alikuwa amesimama mlangoni, akamtazama Machano, akaitazama ile mashine mezani. Bila ya mashine, kaya yake ingekuwa ya wakaidi. Stakabadhi ya mashine ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba.

"Leteni sanda," akasema.

Huo, wanangu, ndio uchaguzi pekee niliouona katika nchi ile.

Tuliifunga ile mashine vizuri. Kichwani tukaweka kinu chake, katikati tangi la maji, miguuni mchanga. Msimamizi akaitikia dua kwa sauti kubwa kutushinda sisi, akaandika kwenye daftari: 417, amekaa.

*

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mizuri. Machano aliishi chumba cha nyuma, akarekebisha kitanda, akazibua bomba, akanitegea vitendawili kupitia ufa. Nilimpa miji ya nchi za watu, ili tusirudie makosa. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulikuwa ukija kumpa Kidawa pole kwa nyuso za huzuni, mmoja mmoja, huku ukitazama mlango wa chumba cha nyuma.

Lilikuwepo tatizo moja. Sheria ilitaka kila nyumba mashine ifoke saa nne kamili asubuhi, na Bwana Ngwali alipita na daftari akisikiliza madirishani. Basi saa nne Machano alisimama nyuma ya pazia, akavuta pumzi, akafanya, "Grrrrr! Tk-tk-tk. Fffsssssss." Mpaka matone ya mwisho alikuwa anayaigiza, ptu, ptu.

Bwana Ngwali alimsifu Kidawa mbele ya majirani. "Mashine yako ina sauti bora mtaa mzima, mama. Inaonekana unaisafisha chokaa."

"Najitahidi, baba."

Kile ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba Mtukufu alikuwa ametia betri ndogo ndani ya kila mashine. Mashine ikikaa siku sitini bila kunywesha mtu, inaanza kulia ili mwenye nyumba aone haya. Na alitaka isikike hata umeme ukikatika, hata ikifichwa chini ya kitanda. Hakuna aliyefikiria chini zaidi ya hapo.

Siku ya sitini na moja msimamizi wa makaburi alitoka mbio bila kofia. Namba 417, alisema, inalia. Pi, pi, pi, kila baada ya dakika moja.

Bwana Ngwali akaja na watu wenye majembe na kibali chenye mihuri miwili. Mimi nilisimama na Kidawa nje ya uzio. Walichimba polepole, kwa adabu. Sanda ikafunuliwa, mashine ikatoka imejaa udongo, inalia kama kifaranga. Bwana Ngwali akaitoa leso yake, akaifuta mwenyewe, akabonyeza kitu, ikanyamaza. Ukimya ule nausikia mpaka leo.

Hakugomba. Laiti angegomba. Alikuja mpaka kwenye uzio akasema, "Mama, hili si kosa kubwa. Ni kosa la kumbukumbu tu. Kaburi limeandikwa lina mtu, na sasa sote tumeona halina."

"Futeni namba," akasema Kidawa.

"Namba haifutwi. Namba ni ya serikali."

"Basi futeni kifo! Ulisema mnafuta! Ulisema ni cha karatasi!"

"Ningekifuta kama ungerudi ofisini, mama. Hukurudi. Ulikwenda ukamzika." Akafungua jalada, akamwonyesha saini zake moja baada ya nyingine, na chini yake ya kwangu, maana nilikuwa shahidi. "Yote haya ni maandishi yako. Mimi nikisema ni uongo, nitakuwa nimekutukana."

"Mume wangu alikufa," akasema Kidawa. "Mwili sijui uko wapi. Labda umeibwa."

"Labda," akasema Bwana Ngwali. "Tutautafuta. Tutaanzia nyumba zote za mtaa wako, na kila atakayekutwa alijua tutamuuliza. Ninyi nyote mlitia bega."

Tukashika njia ya mtaani, yeye na watu wake nyuma yetu, lakini hatukufika nyumbani. Machano alikuwa anakuja barabarani, mchana kweupe, anatembea katikati ya njia, kibati mguuni kinagonga mawe. Watu walikuwa wamemfikishia habari. Wanaume wa benchi walikuwa nyuma yake mbali kidogo, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemzuia.

"Nipo," akamwambia Bwana Ngwali. "Waache hao."

"Ahsante, marehemu. Umeturahisishia."

Kidawa akamshika mkono wa bega lile baya, akamng'ang'ania kwa mikono yote miwili. Machano akamfungua vidole, kimoja kimoja, taratibu.

"Bibi," akaniambia, "mshike."

Nikamshika.

Wakampandisha kwenye pikapu, yeye na mashine pamoja. Walipofika kwenye kona, wanaume wa benchi wakaanza kutembea kulifuata gari, lakini askari wawili wakanyoosha mikono. Hairuhusiwi, walisema. Mmeshamsindikiza, majina yenu yapo kwenye daftari, na mtu hazikwi mara mbili. Kwa hiyo kila mmoja akarudi kwake. Ilikuwa alasiri. Nilizisikia mashine za mtaa mzima zikifoka, moja huku, moja kule, kila mtu na kikombe chake.

Kabla ya magharibi Bwana Ngwali alirudi na ile mashine, imeoshwa, imepakwa mafuta. Aliibeba mwenyewe mpaka mezani, akaichomeka, akaisogeza kidogo ikae sawa na ukingo. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu mbichi.

Kidawa alikuwa amekaa sakafuni, ukutani. Alikuwa amekwisha kuvua bangili na hereni, ameziweka kwenye kawa ya ukili. Nilikuwa nimemfunga nguo nyeupe mimi, kama inavyotakiwa kwa mjane.

"Eda yangu," akasema bila kuinua kichwa, "naianza leo au kesho?"

Bwana Ngwali akakunja uso, akafungua jalada lake, akapitisha kidole kwenye tarehe ya cheti cha kifo, akahesabu kwa midomo miezi minne na siku kumi. Kisha uso ukamfunguka.

"Ulimaliza juzi, mama," akasema. "Hongera."